Guido Haazen
Guido Haazen (1921–2004) alikuwa padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, mpangaji wa muziki anayejulikana kwa *Missa Luba*, misa ya Kilatini iliyozaliwa Kamina, katika mkoa wa sasa wa Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwaya yake ya wavulana na walimu, Les Troubadours du Roi Baudouin, iliirekodi mwaka 1958. Misa hiyo hutajwa kwa jina lake, lakini iliimbwa kabla ya kuandikwa: waimbaji waliibuni papo hapo, sehemu ya Kyrie ikifuata kasala, utenzi wa maombolezo wa Waluba. Inaweza kudaiwa kwamba bila Haazen misa hiyo isingekuwepo. Ni kweli aliwakusanya waimbaji na kuwaongoza. Hata hivyo, kuongoza si kutunga peke yake. Sehemu ya misa hiyo, Sanctus, ilitumika katika filamu ya Kiingereza *If....* (1968).