Kamba ya kuakisi mwanga na faida yake kambini usiku

GIZA huingia kwa haraka nchini Kenya. Jua likishatua mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, nusu saa haipiti kabla ya usiku kutanda, na kamba za kukazia hema zilizokuwa zikionekana barabara hutoweka machoni. Hata hivyo zipo pale pale, zimenyooshwa kutoka hemani hadi kwenye vigingi, kimo cha goti au kifundo cha mguu.

Hatari ya kamba hizo hudhihirika zaidi katika Mlima Kenya. Wanaoazimia kufika Point Lenana, kilele chenye urefu wa mita 4,985, huondoka kambini saa nane au saa tisa usiku ili wawe juu jua linapochomoza. Katika kambi ya Shipton, iliyo kwenye mita 4,200 hivi katika njia ya Sirimon, wasafiri huamka gizani mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Wapishi na wapagazi huwa wamewatangulia kuamka ili kuchemsha maji. Anayejikwaa akiwa amebeba sufuria ya maji moto huweza kumuunguza mwenzake pia, naye anayeteguka mguu hapo yuko mwendo wa saa nyingi kutoka mahali gari linapoweza kufika.

Ndiyo sababu watu wengi wapigao kambi hutumia kamba inayoakisi mwanga. Ni kamba nyembamba, aghalabu ya milimita 2 au 3, iliyosukwa kwa nailoni au polista na kuingizwa nyuzi maalumu za rangi ya fedha. Nyuzi hizo hubeba vijipira vya kioo vidogo mno, ambavyo nyuma yake mna utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Mwanga ukiingia katika kijipira hupindwa, hugonga utando huo, kisha hurudi kule kule ulikotoka. Jaketi zinazovaliwa na waendeshaji bodaboda hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Nchini Uingereza, Percy Shaw alipata hataza mwaka wa 1934 ya vioo vya barabarani vyenye kumrudishia dereva mwanga wa taa zake, navyo vikaitwa macho ya paka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kamba hii haina mwanga wake yenyewe. Asiye na tochi haioni kabisa, na hata mwenye tochi huiona vizuri tu iwapo taa yake iko karibu na macho yake, kwa kuwa mwanga humrudia aliyeutuma wala hautawanyiki pande zote. Pembe kati ya taa na jicho ikizidi digrii chache tu, mng'ao hufifia. Mtu aliyevaa tochi kichwani ataiona kamba iking'aa kama mstari wa moto mweupe. Mwenzake anayemulika kwa simu aliyoishika kiunoni huenda akaikanyaga. Kwa bahati mbaya, katika kambi nyingi anayetembea sana usiku ndiye mwenye taa duni zaidi. Dawa yake haina gharama: inua simu hadi kwenye kipaji cha uso, kando ya jicho, kisha umulike mbele.

Yafaa pia kutazama kungali mbali. Kadiri unavyoikaribia kamba ndivyo pembe hiyo inavyopanuka, hata mng'ao ulioonekana hatua kumi nyuma ukapungua ufikapo miguuni.

Unaponunua, ijaribu kamba dukani mahali penye kivuli. Weka tochi kando ya jicho ukiwa umesimama mita chache kutoka kwenye kamba, kisha uisogeze tochi mbali kwa urefu wa mkono. Mng'ao ukififia ghafla, kamba ni ya kweli. Usiidhanie kuwa ni ile inayong'aa gizani yenyewe baada ya kuwekwa juani, ambayo nguvu zake hupungua usiku unavyosonga. Chagua iliyo na rangi kali kama vile manjano au chungwa ili ionekane mchana pia, kwani nyuzi za fedha huwa za kijivu tu wakati huo.

Umande, jalidi na matope hupunguza uwezo wa kamba, kwa hivyo ipanguse kabla ya kulala. Iweke mbali na jiko, maana nailoni huyeyuka, na usiitumie kamwe kubeba uzito wa mtu.

Asiyeweza kuipata anaweza kukata vipande vya jaketi kuukuu la kuakisi mwanga na kuvifunga katikati ya kila kamba na juu ya kila kigingi. Kitambaa cheupe husaidia kiasi. Mifuko ya plastiki iliyokuwa ikifungwa zamani haifai, kwani ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017.

Jambo moja la tahadhari kwa anayelala karibu na msitu: macho ya fisi, chui na nyati nayo hurudisha mwanga wa tochi. Kamba huonekana kama mstari uliotulia. Ukiona nukta mbili zikipepesa au kusogea, rudi nyuma polepole ukaite wenzako.