Fizi: Misioni Zilifungwa, Kapela Zikabaki

Kanisa la kijijini huku Fizi, mashariki mwa Kongo, iwe Lubondja au kijiji cha jirani, halikwambii umri wake. Kuta ni za udongo au za matofali ya kuchoma, juu nyasi au mabati, na mara nyingi rimu kuukuu ya gari hugongwa badala ya kengele. Hakuna jiwe lenye mwaka wala jina la fundi. Lakini nyumba hizo ndogo zimerithi historia ndefu.

Historia hiyo ilianzia katika Ziwa Tanganyika. Mwaka 1880 wamisionari Wakatoliki walioitwa Mapadri Weupe walifungua misioni Mulweba, katika nchi ya Masanze. Mei 1881 wenzao watatu wakauawa Rumonge, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1883 wakajenga Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, lakini maradhi yaliwaandama. Miaka 10 baadaye waliiacha, wakahamia kusini, Kirungu, upande wa Moba.

Siku hizo misioni za ziwa zilikuwa na mlinzi: Kapteni Ludovic Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa. Alizilinda kwa bunduki dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa, akaoa mwanamke wa Kiafrika, akazeekea na kufia upande wa Moba mwaka 1927. Mtoto wake Albert, aliyezaliwa 1908, hakushika bunduki, alikuwa padri.

Wamisionari Wasaveri kutoka Italia waliingia Kongo mwaka 1958, na mwaka 1962 jimbo la Uvira likaundwa. Miaka miwili tu ikapita, uasi wa Simba dhidi ya serikali ukafika. Jumamosi tarehe 28 Novemba 1964, gari la waasi lilisimama misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, alipigwa risasi kwanza. Padri Luigi Carrara, miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha waumini. Alitoka, akauawa kando ya ndugu yake. Siku hiyohiyo gari likapanda hadi Fizi. Huko wakaanguka Padri Giovanni Didonè, miaka 34, na Padri Albert Joubert, miaka 56. Baba alizilinda misioni kwa silaha. Mwana alifia misioni mikono mitupu.

Vita havikuishia hapo. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuwasaidia waasi, na baadaye watu wa Laurent Kabila wakaishi katika milima hii miaka mingi.

Lakini misioni ikifungwa na padri akiwa mbali, kapela haikosi mwenyewe. Katekista huongoza sala, akina mama huchota maji ya kukandia udongo, vijana hukata miti na kufyatua matofali. Nyasi zikioza, zinabadilishwa. Ukuta ukianguka, unasimamishwa. Nyumba ya namna hiyo haingoji ruhusa ya mtu wa mbali ili iendelee kuishi.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wale wanne waliouawa Baraka na Fizi kuwa wenyeheri. Majina yao sasa yamo katika vitabu vya Kanisa. Ya wale waliobeba mawe ya msingi wa kapela yenu yamo vichwani mwa wazee tu. Kabla ya kubomoa ukuta wa zamani ili mjenge mkubwa zaidi, kaeni na wazee hao, mchukue daftari, muandike: nani alitoa kiwanja, nani alifyatua matofali, na mwaka gani watu walisali humo mara ya kwanza.