Azory Gwanda: Mwandishi aliyetoweka Kibiti

Azory Gwanda ni mwandishi wa habari wa Tanzania aliyetoweka Novemba 21, 2017 wilayani Kibiti, Mkoa wa Pwani. Hajapatikana hadi leo.

Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, akiyaandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen. Kazi iliyompa jina ni ya kufuatilia mauaji yaliyozikumba wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga kuanzia 2015. Waliolengwa walikuwa viongozi wa vijiji, makada wa CCM na polisi. Aprili 13, 2017 pekee, askari wanane waliuawa katika shambulio moja. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na wauaji hawakutamka walichokitaka.

Kwa msomaji wa Ukunda au Msambweni hali hiyo si ngeni, kwani miaka hiyo hiyo wazee wa Nyumba Kumi waliuawa Kwale. Mwanahabari wa mjini huja, akachunguza, akaondoka. Wa wilayani hulala pale pale, na sokoni hukutana na watu wale wale anaowaandika. Yule wa kujitegemea, anayelipwa kwa habari iliyochapishwa, hana hata gari la ofisi la kumwondoa.

Siku ya kutoweka, Azory alichukuliwa na watu waliokuwa katika gari jeupe aina ya Land Cruiser. Kwa mujibu wa mkewe, gari hilo lilimfuata shambani alikokuwa akilima. Azory, akiwa ndani, alimwuliza ulipo ufunguo wa nyumba, akasema anakwenda safari ya dharura na angerejea kesho yake. Mama huyo aliporudi aliikuta nyumba imepekuliwa.

Novemba 2018, maofisa wawili wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, yenye makao New York, walikamatwa Dar es Salaam na kunyang'anywa pasipoti kabla ya kuachiliwa. Suala la Azory lilikuwa miongoni mwa waliyokuwa wakiyaulizia.

Julai 2019, Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufariki. Kauli hiyo ilizua kishindo. Muda si muda waziri alifafanua kuwa hakueleweka vyema, na kwamba hapakuwa na uthibitisho kama Azory yu hai au amekufa. Hakuna aliyeshtakiwa.