Mpingo kwenye keezo: kalamu ya masazo ya klarineti

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 30 tangu mkereza mmoja wa Texas, James Harris, na mtaalamu wa mimea wa Kilimanjaro, marehemu Sebastian Chuwa, waanzishe mradi wa kupanda mpingo. Mwaka uleule, 1996, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge walifika kusini mwa Tanzania kuuchunguza mti huohuo, na safari yao ikazaa shirika la uhifadhi la MCDI lililoota mizizi Kilwa. Habari za Kilwa zimeandikwa sana. Za keezo, mashine inayoizungusha mbao ichongwe, hazijaandikwa, ingawa mkereza, yaani fundi wa mashine hiyo, alikuwa miongoni mwa walioanza kuulilia mpingo huko ng'ambo.

Leo sehemu ya mti huo huishia kwenye mifuko ya mashati ya Wazungu na Wamarekani, ikiwa kalamu. Huanza kama kijiti cha mraba, unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 12 au 13. Fundi anayetaka kukitia njumu hukikata mshazari, akapachika kwenye mkato kibao chembamba cha mti mweupe au kipande cha alumini, akatia gundi, akaacha kikauke. Kisha hukigeuza robo na kukata tena, mpaka itimie mikato minne. Mjuzi hakati hadi mwisho: huacha unyuzi wa mbao ili pande mbili zisihame. Na kinachopachikwa lazima kilingane unene na njia ya msumeno, la sivyo mistari haitakutana. Hapo hutobolewa katikati kwa keekee, hutiwa mrija wa shaba ya manjano, hufungwa kwenye keezo. Patasi ikishakula pembe zote za kijiti, ile mistari iliyonyooka huonekana kuwa pete nne zilizopitana, hazina mwanzo wala mwisho.

Njumu ya pembe kwenye viti vya enzi vya Lamu huchimbiwa nafasi juu ya mbao. Hii ya kalamu hupenya mbao nzima, na ndiyo maana haibanduki kwa urahisi. Lakini mpingo ni mkaidi. Una mafuta yanayokataa gundi, hivyo hupanguswa kwanza kwa asetoni. Ukitobolewa haraka hupata joto, ukapasuka. Vumbi lake huwasha ngozi na pua. Ni mzito hata ukitupwa majini huzama.

Wamisri wa kale waliupenda. Jina lake la kisayansi, Dalbergia melanoxylon, lilitokana na miti ya Senegal katika miaka ya 1830. Waliouingiza kwenye keezo la kitajiri ni ukoo wa Holtzapffel, uliokuwa ukitengeneza mashine London tangu mwishoni mwa karne ya 18. Makeezo yao hayakuwa ya fundi wa vitanda. Yalikuwa ya mabwana wenye fedha na muda, waliokereza nakshi: mbao hutulia au husogezwa polepole, na kisu ndicho kinachozunguka na kuchora maua na mawimbi. Kwa kazi hiyo walitaka vitu viwili kutoka kwetu, pembe za ndovu na mpingo, kwa kuwa havimeguki kisu kinapopita. Charles Holtzapffel aliusifu ubao huu mweusi katika kitabu chake cha mwaka 1843.

Karne hiyohiyo klarineti na zumari za Waskoti zikaacha miti ya Ulaya, zikahamia mpingo. Huo ndio mkondo mkubwa wa biashara hadi leo, nao ni mchoyo ajabu. Mti huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, hupinda, huwa na mashimo na nyufa. Katika gogo linaloingia kiwandani, chini ya sehemu moja ya kumi ndiyo hutoka ikiwa inafaa kutengenezwa ala. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa iliona thamani hata ya vumbi: tangu 1994 hutengeneza klarineti kwa unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni. Vijiti vilivyokataliwa kwa ufa mdogo au kwa mchirizi wa ile sehemu nyeupe ya nje hupata wanunuzi wengine, na mnunuzi mmojawapo ni mkereza kalamu. Kwake mchirizi mweupe ni pambo.

Harris alikuwa mkereza nakshi wa jadi ya Holtzapffel. Kwa simulizi lake, aliona filamu kuhusu mpingo ambayo Chuwa alionekana ndani yake, akajiona ana deni kwa mti anaoutumia. Wakaanza kuandikiana. Chuwa, aliyewahi kufanya kazi Ngorongoro kwa miaka mingi, alikwisha kuwa na shule na vikundi vya akina mama vya kupanda miti huko Kilimanjaro. Alichokosa ni fedha, na nyingine zikatoka kwa wakereza. Mwaka 2002 alipata tuzo ya Rolex. Alifariki dunia 2014, na bustani za miche zikabaki.

Kisha ukaja ugomvi. Oktoba 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ziliweka jamii nzima ya Dalbergia, zaidi ya aina 300, chini ya vibali. Chanzo hakikuwa mpingo. Kilikuwa samani nyekundu za China, zilizokuwa zikimaliza misitu ya Asia, Madagaska na kwingineko, huku maofisa wa forodha wakishindwa kutofautisha ubao mmoja na mwingine. Dawa ikawa kufunga mlango mzima, kuanzia Januari 2, 2017.

Mpiga klarineti aliyesafiri na ala yake hakuguswa, kwani mzigo usio wa biashara ulisamehewa hadi kilo 10. Lakini aliyemuuzia mteja wa nchi nyingine klarineti moja alihitaji kibali, na aliyeuza kalamu ya gramu chache vilevile. Watengenezaji wa ala na okestra za Ulaya na Marekani wakapiga kelele kwa miaka mitatu, na wakasikilizwa: mkutano wa Geneva wa 2019 ukaziondoa ala zilizokamilika, na bidhaa nyingine zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa kila mzigo. Kalamu ikapona humohumo. Magogo na mbao ghafi vikabaki chini ya vibali.

Soma tena sharti hilo, msomaji. Kinachobanwa ni gogo, kilichokamilika kinapita. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, cha uvunaji endelevu wa misitu, mwaka 2009, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya wanakijiji, kwa hiyo mbao halali ipo. Wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, wanaujua mpingo kwa mikono yao. Bado tunauza vijiti, na wengine wanakereza. Keezo la kalamu ni dogo, hukaa juu ya meza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, waliingize kwenye karakana za Lindi na Kilwa, waanze na yale masazo ambayo kiwanda cha klarineti hakiyataki.