Mungu Hayuko Mbali: Tunachojifunza kutoka kwa Uamsho wa Afrika Mashariki

Tunapoadhimisha yubilei ya kwaya yetu, ni vyema tukumbuke waliotutangulia, kwa maana moto wa kuimba hatukuuwasha sisi.

Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alisafiri kutoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, hadi Kampala. Alikuwa amechoka mwili na roho, kwa kuwa njaa kali ilikuwa imeikumba Rwanda. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyempenda Bwana. Wawili hao walifungua Biblia, wakasoma na kuomba pamoja. Tazama jambo hili: mmisionari aliyetumwa kuwaleta wengine kwa Mungu alikiri kwamba yeye mwenyewe ana kiu.

Huko Gahini alifundisha Blasio Kigozi, ndugu mdogo wa Nsibambi, aliyehuzunishwa sana na ubaridi uliokuwa kanisani. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, lakini kuni zilikuwa zimeshika moto. Mwaka 1937 kundi la mashahidi kutoka Rwanda lilifika Kabete, na uamsho ukaanza kuenea Kenya. Waganda waliwaita watu hawa Balokole, Wakikuyu wakawaita Ahonoki. Maana ni moja, waliookoka.

Wengi wa hao waliookoka hawakuwa wageni kanisani. Walikuwa wamebatizwa, walikuwa na majina ya Kikristo, na nyimbo walizijua bila kufungua kitabu. Walichokosa ni Mwenyewe anayeimbiwa. Mtume Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu hayuko mbali na kila mmoja wetu (Matendo 17:27). Ndugu wa uamsho waligundua kwamba umbali ulikuwa upande wao, katika dhambi zilizofichwa. Kwa hiyo walianza pale pale: kutubu kwa kutaja dhambi kwa jina, na kuiamini damu ya Yesu.

Toba hiyo ilionekana kwa macho. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, waume wakawaomba wake zao msamaha. Kwa kweli hiyo ndiyo yubilei. Katika Walawi 25, mwaka wa yubilei ulikuwa wa kurudisha: shamba lilirudi kwa mwenyewe na mtumwa akarudi kwao. Haukuwa mwaka wa kukata keki pekee.

Uamsho huo uliimba pia. Wimbo wa Tukutendereza, uliotafsiriwa kwa Kiganda kutoka Kiingereza, ulivuka mipaka, ukaimbwa na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda. Mtu alipomaliza kushuhudia, ndugu waliupokea ushuhuda wake kwa wimbo huo. Kwao, wimbo ulifuata toba. Haukuchukua nafasi yake.

Tena imani hiyo ilipimwa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kushiriki damu ya Yesu. Wengine walikataa pia bunduki za serikali, kwa kuwa hawangeweza kuwapiga risasi ndugu zao. Wapo waliouawa. Mtu hafi kwa ajili ya Mungu aliyemsikia kwa mbali tu.

Wapendwa, hapa ndipo historia inatugeuzia swali. Sisi wanakwaya tunasimama karibu na madhabahu kila Jumapili. Sare zetu zinafanana, sauti zinapatana. Lakini inawezekana kukaa karibu na madhabahu miaka mingi na kukaa mbali na Mungu. Inawezekana soprano na alto wasisalimiane wakishavua sare.

Kuanza si kazi ngumu. Hakuhitaji sauti nzuri wala miaka ya utumishi. Mwambie Mungu ukweli kuhusu maisha yako, acha unachojua ni dhambi, mpokee Yesu kwa imani, kisha umtafute ndugu mmoja wa kutembea naye nuruni. Yakobo 4:8 inaahidi kwamba tukimkaribia Mungu, naye atatukaribia.

Basi wimbo wa leo ukiisha, usiharakishe kwenda kula. Kama kuna mtu wa kurudiana naye, yubilei yako ianzie hapo. Mungu awabariki. Amina.