Vipete Viwili vya Pembe

Dalali aliliweka buli langu juu ya mizani, akaugusa mkono wake. "Hivi vipete nitaving'oa kwanza," akasema. "Pembe si fedha. Siwezi kukulipia."

Nilikuwa nimempelekea vyombo vyangu vyote. Dadangu mdogo kule Machakos alikuwa amesimamishwa masomo kwa sababu ya karo, na mimi huku Providence, Rhode Island, nina kabati la fedha. Sasa hiyo ni akili gani?

Nilianza na kijiko kimoja cha kupakulia nilichopata mnadani. Kukisafisha tu, nikaona mgongoni simba, nanga na herufi G. Kumbe ni kazi ya Gorham, kampuni ya papa hapa Providence iliyoanzishwa na sonara Jabez Gorham mwaka 1831. Mwaka 1868 Gorham walishika kiwango cha sterlingi: sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Mwaka huohuo wakaanza kugonga na herufi ya mwaka. Buli langu lina H, yaani 1875.

Wakati huo fedha ilikuwa tele. Machimbo ya Comstock, kule Nevada, yalikuwa yamegunduliwa mwaka 1859, na matajiri wakataka kila chakula kiwe na chombo chake: uma wa dagaa, koleo la asparaga, kisu cha kukatia aiskrimu. Wa kuvisugua ni watumishi.

Vipete navyo vina kazi. Fedha hupitisha moto upesi, kwa hivyo sonara huukata mkono wa buli mahali pawili na kupachika pembe ya ndovu, ili anayemimina chai asiungue.

Na hizo pembe? Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walizoea Unguja mapema. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba na Sultani Said, na mwaka 1837 Richard Waters akafika kuwa balozi mdogo. Walileta kitambaa, ndicho hicho shosho wangu alichokiita merikani, wakarudi na pembe. Nyingi ziliishia Deep River na Ivoryton, Connecticut, zikachongwa vitana na vibao vya piano. Huku kwetu, kabla misafara ya pwani haijatawala njia, Wakamba ndio waliokuwa wakizishusha Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851 akiwa safarini na mmishonari Krapf, alijulikana kwa biashara hiyo.

Buli nililigeuza tena pale dukani. Fedha ina mihuri ya kueleza ni nani aliyeifua, wapi na lini. Pembe haina hata mmoja. Aliyeibeba begani hakuandikwa popote.

Januari 1980 bei ya fedha ilipokaribia dola 50 kwa wakia, vyombo vingi vya zamani viliyeyushwa. Siwalaumu waliouza, shida haijui historia. Mimi mwenyewe siku ile niliuza vijiko, koleo na sinia. Karo ikalipwa, dada akarudi darasani.

Lakini buli nililirudisha kwenye mfuko. Dalali akacheka, eti nimeacha pesa mezani pake. Jioni nikachemsha maji, nikamimina chai. Fedha ilikuwa moto kama jiko. Mkono wangu haukuungua.