Plagi zinazolowa oili na ugonjwa wa injini iliyozeeka

WENYE magari ya miaka mingi jijini Nairobi wanaifahamu safari hii. Gari huanza kutetemeka likiwa limesimama kwenye foleni ya Waiyaki Way, taa ya injini huwaka, na kesho yake mwenyewe hujikuta Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, akinunua plagi mpya. Wiki chache baadaye gari hutetemeka tena. Plagi zinapochomolewa, moja au mbili huwa zimelowa oili nyeusi, na fundi hutamka maneno ambayo kila mwenye gari huyaogopa: injini ifunguliwe.

Kazi hiyo ni ghali. Kwa dereva wa teksi anayelipia mkopo wa gari, kila siku ambayo gari linalala gereji ni siku isiyo na mapato. Hata hivyo, si kila plagi yenye oili inayodai injini ifunguliwe, na aghalabu ukweli waweza kujulikana kabla hata bolti moja ya kichwa cha injini haijalegezwa.

Swali la kwanza ni mahali hasa oili ilipo. Katika injini nyingi za Kijapani, plagi hukaa ndani ya kisima kirefu kilichozibwa kwa sili za mpira chini ya kifuniko cha juu cha injini. Mpira huo ukikauka kwa joto na miaka, oili huvuja ndani ya kisima na kulowesha kauri ya plagi na koili kutoka nje. Gari litatetemeka vivyo hivyo, lakini ncha ya plagi inayotoa cheche itakuwa kavu. Dawa yake ni sili na gasketi ya kifuniko, kazi ya saa chache. Kuna injini ambazo zimefunguliwa bure kwa sababu hakuna aliyejisumbua kutazama ni upande upi wa plagi uliokuwa na oili.

Iwapo ni ncha yenyewe iliyolowa, basi oili inaingia ndani ya silinda. Ncha yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Nyeusi iliyo kavu kama masizi ya chungu huashiria petroli nyingi kupita kiasi, na nyeupe huashiria joto jingi au petroli haba. Nyeusi inayong'aa na kuteleza kidoleni ndiyo ya oili. Fundi mwangalifu huzipanga plagi kwa utaratibu wa silinda zake, kwani moja ikiwa chafu na tatu safi, kasoro iko mahali pamoja; zote nne zikiwa chafu, injini nzima imechakaa au kuna sababu inayozihusu zote.

Moshi nao hueleza mengi. Pumzi moja ya moshi wa samawati asubuhi, gari linapowashwa baada ya kulala, kwa kawaida hutokana na sili za vali ambazo usiku kucha zimeruhusu oili kudondoka. Dalili nyingine ya sili hizo huonekana mteremkoni. Gari linaposhuka kutoka Westlands kuelekea Museum Hill, dereva akiwa ameachilia pedali, injini hunyonya hewa kwa nguvu na oili hufyonzwa pembeni mwa vali. Pedali ikikanyagwa tena, wingu hutoka. Lakini moshi unaoandamana na gari mlimani, linapopanda kuelekea Kangemi na Uthiru likiwa na mzigo, huelekeza lawama kwa ringi za pistoni.

Kabla ya kulaumu ringi, kuna kivali kidogo kinachorudisha mvuke kutoka tumbo la injini ili uchomwe. Kikiziba, shinikizo hupanda tumboni na kusukuma oili kusikotakiwa. Ni kifaa cha bei ndogo. Katika injini nyingi hutolewa kwa spana moja, na kikitikiswa hakina budi kulia. Ajabu ni kwamba hukumbukwa mwisho.

Kipimo cha kompresheni ndicho hufuata, na hapa Nairobi ina hila yake. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja kwa tano likilinganishwa na Mombasa. Takwimu za vitabu vya watengenezaji hazikuandikwa kwa ajili ya Ngong Road. Injini nzima ya Nairobi itasoma chini, na mwenye gari asiyejua hilo huuziwa ringi asizozihitaji. Lililo muhimu ni silinda kulingana. Iliyo dhaifu hutiwa kijiko cha oili na kupimwa upya: kipimo kikipanda, ringi zimelika, kikibaki palepale, huenda ni vali au gasketi ya kichwa. Sili za vali hazionekani katika kipimo hiki, na ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, yaweza kuganda kwa masizi huku kompresheni ikisomeka vyema.

Kuganda huko ndiko kulikoipa sifa mbaya injini ya Toyota ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, ambayo pistoni zake zilibadilishwa baadaye. Injini ya 2AZ-FE, iliyoko kwenye baadhi ya Harrier na RAV4, ilikuwa na kasoro ya aina hiyo, na mwaka 2015 Toyota iliwatangazia wateja wake wa Marekani mpango wa kuirekebisha. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yenye umri usiozidi miaka minane, chini ya kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000. Gari lililofika likiwa na miaka saba na kutumika hapa kwa kumi linaelekea ishirini, na foleni huongeza saa za injini ambazo mita ya kilomita haihesabu.

Ipo mikato ya kienyeji. Kuna wanaofunga plagi yenye joto zaidi ili ichome oili, yaani namba ndogo kwa NGK na Denso, na kubwa kwa Bosch. Cheche hurudi, lakini oili inaendelea kuliwa, na plagi hiyo safarini yaweza kuchoma pistoni. Wengine humimina oili nzito ya 20W-50 katika injini iliyoundiwa 5W-30. Ulaji waweza kupungua kidogo, ila njia nyembamba za oili, hasa za mfumo wa VVT-i, hucheleweshwa kila asubuhi ya baridi.

Asiye na fedha za kufungua injini leo na apime kwanza. Gari lisimame mahali tambarare, lipumzike dakika kumi, oili ijazwe hadi alama ya juu, na kilomita ziandikwe. Vitabu vingi vya Toyota hukubali hadi lita moja kwa kilomita 1,000. Likila chini ya hapo, laweza kuendelea kufanya kazi iwapo kijiti kitachomolewa na kutazamwa kila linapotiwa petroli, na lita moja ya akiba kuwekwa kwenye buti.